Mbegu ya Ishirini na Saba

Mibarika ni ya Mwanamkuu, si yangu.
Kazi yangu mimi redio: nyaya, risasi ya kuunganishia,
spika zilizokohoa mpaka zikanyamaza.
Yeye ndiye aliyeipanda uani, hapa Langoni,
mitatu, ubavuni mwa jiko,
akaifukizia majivu na vichwa vya samaki,
akainywesha maji ya kuoshea mchele.
Ikapanda kwa pupa, kama deni.

Majani yake viganja vilivyokunjuliwa,
vidole vinane, tisa, mshipa mwekundu kila kidole.
Punda aliingia mara moja, akanusa, akatoka.
Bi Khaula akachungulia juu ya ua:
“Mti gani huo hata punda hautaki?”
“Wa mafuta,” akajibiwa. “Nywele zako zitautaka.”

Sasa yuko Mombasa, wodi ya juu, kitanda cha dirishani.
Hapigi simu aulizwe hali. Anapiga aulize mibarika.
“Vishada vimegeuka rangi?”
“Vimegeuka.”
“Vitunde kabula ya yua kali, Shee.
Vikikauka mtini vitapasuka,
na mbegu ile haipigi hodi kinywani mwa mtoto.”

Nilichelewa siku moja.
Amplifaya ya msikiti ilikuwa mezani, imefunguliwa tumbo.
Adhuhuri nikasikia juu ya bati la jiko: ta! ta-ta!
kama mtu anayerusha vifungo.
Nilipotoka, mjukuu wetu Lali amechutama mchangani,
ngumi ameifumba.
“Nimepata kupe wazuri,” akasema.
Na kweli, kupe: wanono, wanang’aa,
madoa ya kahawia, kichwa kidogo cheupe.

Nikamfumbua kidole kwa kidole.
Nikamsukutua, nikamuuliza mara saba, akalia mara saba.
Ganda moja mbegu tatu. Maganda matupu tisa.
Mkononi, mchangani, juu ya bati:
ishirini na sita.

Hospitali wakampima, wakasema tumwangalie hadi asubuhi.
Alilala kinywa wazi, nami kando, nahesabu pumzi.
Kila alipogeuka niliinuka na tochi:
ndani ya ndara, chini ya jamvi,
kwenye nyufa za sakafu anazozijua mke wangu peke yake.
Simu ikalia.
“Umevitunda?”
“Nimevitunda.”
“Vyote?”
“Vyote.”

Alfajiri Lali aliamka akadai mahamri.
Nikala naye, nikitetemeka mkono.

Vishada vilivyobaki nikavikata siku ileile.
Mbegu zimo koponi, kopo limo kidaka cha juu kabisa,
mlipokuwa bakuli la mamake.
Kukaanga, kutwanga, kuchemsha, kuengua:
majina ya kazi hizo ninayo.
Lini moto unatosha, hilo liko mkononi mwake, Mombasa.

Leo wiki ya tatu.
Kwenye sanduku la redio mbovu, lililonyeshewa nje,
kati ya spika iliyotoboka na betri zilizochuruzika,
kishina chekundu kimeinua majani mawili,
kama mwanafunzi aliyeitwa jina akasimama.

Sijaking’oa.
Simu iko hapa, mezani, kando ya bisibisi.
Nikimwambia nimeipata
atauliza ilipotea lini.