Kidole cha Mkuu wa Kaya

Pale Mlaleo, dirisha la pili,
Bwana Chengo, hukuinua uso.
Ulisema: badiliko la kaya huripotiwa ndani ya siku kumi.
Nikahesabu chini ya buibui:
ya kwanza tulizika,
ya tatu tulisoma hitima,
ya saba mvua ilivuja palipokuwa kitanda chake,
ya tisa niliisaka kadi, nikaiona
ndani ya kopo la kahawa, imelala na meno yake ya bandia.
Ya kumi ilikuwa Jumapili, mmefunga.

Kadi yasema watu sita.
Haikukosea, imepitwa tu.
Toa mmoja: Mbwana Shekuwe, baba, mchukuzi wa Kongowea.
Ongeza mmoja: mimi, Mwanasiti, niliyerudi kutoka Voi,
eda ya talaka nimeshaimaliza,
mkononi masufuria mawili na mfuniko mmoja.
Sita, ukasema, ukapiga mstari.
Basi ni walewale.

La, si walewale.

Na ndugu yangu Shee nimwandike wapi?
Alala Changamwe kwa wenziwe,
lakini Ijumaa huja na njaa ya wiki nzima.
Ukanisomea karatasini: kaya ni wanaokula chungu kimoja.
Nilitaka kucheka, Bwana Chengo, kicheko kikakwama.
Kahaso, mtoto wa mlango wa pili,
hula chungu chetu kila magharibi
na hayumo popote.
Baba yumo, juu kabisa, kwa herufi kubwa,
na chungu hakijui tena.

Usidhani sikushauriwa.
Jirani aliniambia: nyamaza, mwanangu, kadi haina macho.
Maiti hali, fungu lake laliwa,
nani atakayejua?
Mama alimjibu kutoka nyuma ya pazia,
sauti yake kavu kama kumvi:
"Siku ya kuzika tulisimama tukauliza, nani amdai?
Mwenye mkaa akasema mia mbili,
tukamlipa udongo haujakauka.
Leo nimwandikie deni la maharage?
Mtu amebeba magunia miaka thelathini.
Hili asilibebe."

Ndipo nikaja.
Nawe ukasukuma fomu chini ya kioo:
mkuu wa kaya atie kidole hapa.

Mkuu wa kaya tumemlaza.
Na huyu mpya yumo edani,
hatoki, hata kuja kusema kwamba ameachwa.
Mna siku kumi, Bwana Chengo, nasi tunazo siku kumi,
ila zetu zatanguliwa na miezi minne.

Foleni nyuma yangu ikaguna.
Ukavua miwani. Ukaivaa.
Kisha ukafungua mtoto wa meza
ukatoa kibati cha wino, kifuniko kimepasuka:
"Kirudi kabla ya saa nane. Ni cha ofisi."

Nilikibeba kwa mikono miwili kama bakuli la mchuzi,
nikavuka mtaro, nikapita kwa muuza mihogo,
asinisalimie, aliona nilivyobana midomo.
Mama akautoa mkono pazia likiwa limefungwa,
mkono mtupu, hauna pete, hauna hina,
vidole vikinuka vitunguu.
Nikaushika gumba, nikaulaza winoni.
"Wino huu," akauliza, "si pambo?"
Sikujua kama ni mzaha.
Nikasema: si pambo, mama, ni serikali.
Gumba likatua kando ya kisanduku,
nusu yake juu ya jina la baba.
Sikuomba fomu nyingine.

Saa nane kasorobo nilikuwa dirishani.
Ukakipokea kibati, ukakihesabu, kimoja.
Fungu la mwezi huu, ukasema, lasubiri uhakiki.

Jioni tumeongeza maji chunguni.
Mama amekaa nyuma ya pazia, gumba lake la zambarau
limekataa kutoka kwa sabuni ya mche.
Kahaso amekuja, na kijiko chake mwenyewe.
Nimemsogezea kigoda.