Kidole cha Mwisho

Kitangari, mnada wa tatu umepita.
Meza yangu ina mwavuli mmoja, kiti kimoja,
na mashine ndogo yenye jicho jekundu
inayotambua watu kwa vidole.

Bi Somoe Nandonde akaweka dole gumba.
Mashine ikasema haimjui.
"Futa kwa kanga, bibi." Akafuta.
"Bonyeza." Akabonyeza hadi ukucha ukawa mweupe.
Haimjui.

Miaka thelathini anabangua korosho:
moto wa kuni, kigongo, ganda likitema mafuta meusi.
Mafuta yale hula ngozi kama deni,
kidogo kidogo, bila kelele.
Mistari aliyozaliwa nayo
imeliwa na watu wa mbali, pamoja na chumvi.

Kilo zake ziliandikwa kwa jina la shemeji.
"Pesa imeingia," shemeji husema, kisha hunyamaza,
na kati ya kuingia na kunyamaza
huota bati jipya, si juu ya nyumba yake.
Kabla ya shemeji alikuwepo mtu wa kangomba
na bakuli lililogongwa likatuna tumbo,
akilipa Juni mzigo wa Oktoba.

Tukahamia mkono wa kushoto.
Foleni ikaguna. Mtu akasema,
"Bibi huyu mzimu nini, mbona hana alama?"
Akacheka yeye mwenyewe kuliko wote.

Kidole cha mwisho, kile kidogo
kisichoshika kigongo wala ganda,
kilichokaa bure maisha yake yote:
jicho likawa kijani.

"Kumbe mvivu ndiye aliyenitunzia jina," akasema.

Nikamgeuzia simu achague namba nne za siri.
Nikatazama barabarani, kama tulivyofundishwa,
nikasikia vitufe, kimoja, kimoja,
mtu anafunga vifungo vya gauni jipya.

Ijumaa ujumbe ukaingia. Akaja nao mkononi,
akanisomesha mara mbili:
jina kwanza, tarakimu baadaye.
Alitaka elfu hamsini, taslimu.
Nikavuta droo. Noti saba nyekundu na sarafu;
foleni ya asubuhi ilikuwa imeshanimaliza.

Nikangoja matusi.
"Iache," akasema, "ilale humo humo leo.
Sijawahi kuwa na kitu cha kuacha."

Akaizima, akaifunga kwenye pindo la kanga,
pale pale palipozoea noti, mafundo mawili,
na simu ikawa inamgonga nyonga
mpaka alipokata kona ya ghala.