Nyumba ya Mkaguzi wa Reli, Tororo

Shika ncha ya utepe, Nyaketcho, hapo msingini.
Futi ishirini na sita, inchi nne.
Ndogo. Wapitao hudhani ni kubwa
kwa vile imenyoosha mgongo
kama mtu mfupi aliyevaa kofia ndefu.

Tazama ukuta ulivyofumwa:
mstari mmoja matofali yamelala ubavu,
wa juu yake yametoa vichwa,
ubavu, kichwa, ubavu, kichwa,
hadi chini ya kenchi, bila kukosea,
ila hapa, nyuma ya bafu,
ambapo nadhani fundi aliitwa kula.

Udongo ulitoka bonde la Malaba.
Ramani ilitoka mbali zaidi,
na aliyeichora hakuuliza
mvua ya huku hupiga upande gani.
Akatupa paa la wima. Limengoja theluji
miaka tisini na kitu;
limepata popo, na mvua ya mawe mara mbili.
Akatupa madirisha membamba
yanayolichungulia jua
kama mtu anayemkwepa mdai.

Na dohani! Obbo alicheka mpaka akakaa chini.
Jikoni kwa mama yake moshi hujitafutia njia;
hapa moshi ulijengewa nyumba yake,
na wenyewe haukuja.

Nimetumwa kuandika nyufa, unyevu, mchwa, thamani.
Nimeandika. Fomu haina mahali pa hili:
tofali la saba kutoka mlangoni, usawa wa goti,
lina nyayo mbili za mbwa,
na kando yake vidole vinne,
vyembamba, vya mtoto labda,
aliyemkimbiza mbwa juu ya matofali mabichi
siku moja kabla ya tanuri.
Jina la mkaguzi liko juu ya mlango,
limechongwa kwa ustadi,
herufi tatu zimeliwa na kuvu.
Vidole havijaliwa.
Nyaketcho ameweka vyake juu yavyo. Havitoshei.
Amevitoa haraka, kama aliyepapasa uso wa mgeni.

Chumba cha mwisho Mama Athieno, mpangaji,
amesimama mlangoni: mekoni msipime.
Kuku wake amelalia humo,
mayai kumi na moja, siku ya kumi na tisa.
Nimechuchumaa tu, nikanyosha mkono
hadi kwenye matofali ya ndani,
yale yaliyopangwa kwa ajili ya baridi ya watu wengine.

Andika, Nyaketcho: meko, futi tatu kwa mbili.
Nimekisia.
Andika pia: linatumika.