Matope ya Kilbrack

Mnaniuliza mimi, kwa kuwa mimi ndiye nifuaye suruali zao,
nani zaidi: Fiachra Mulvihill au binti wa Devane.
Mwaniuliza kila Jumamosi, bia ikishawafungua vinywa,
na kila Jumamosi najibu kwamba mpanda farasi wawili
hupasuka msamba. Mnacheka. Haya, leo nipasuke.
Mvua ya Tipperary haina safari.

Mulvihill, kwanza, si mtu wa kuhesabu hatua.
Ua ungali mbali ameshakata shauri,
na farasi hana la kujibu ila kupaa
kutoka kule, kule mno,
ambako mwenye akili timamu angevuta hatamu
na kumkumbuka mamaye.
Wavivu huacha uvivu wakiwa chini yake.
Nimeona farasi wa kuuzwa, macho ya usingizi,
akirudi mshindi huku ameduwaa
kana kwamba kapewa jina jipya.
Mtulinga wake wa kushoto umevunjika mara sita;
nalijua hilo kwa shati, namvua kama mtoto.
Suruali yake huja na matope mbele, nyuma,
majani kiunoni,
na siku moja jino. Sikuuliza la nani.

Sorcha Devane humwachia mnyama afikiri.
Hatamu kwake ni uzi wa kishada:
haukazi, hauachi.
Akifika vibaya uani hujikunja, akawa mdogo,
akamwazima farasi hatua moja fupi ya ziada,
na farasi akadhani kaiokota mwenyewe.
Akitua, huacha hatamu ziteleze vidoleni,
kisha huzikusanya upya, taratibu,
kama mtu akunjaye shuka la mgonjwa.
Glavu zake nazishona mimi. Huisha mahali pamoja tu,
kati ya kidole cha pete na kile kidogo.
Mjeledi wake ungali unang'aa kama wa dukani.

(Na Tansey, ambaye hamumtaji kamwe?
Miaka ishirini na mitatu, hajashinda kitu cha kuandikwa.
Lakini mtazameni akianguka: hujiviringa kama blanketi,
huacha kwato zote zipite, huzihesabu,
huinuka na kofia mkononi.
Kuanguka nako ni ufundi, ila hauna kikombe.)

Sasa ile Februari.
Ua wa mwisho, ule wenye mtaro, ukungu umelala.
Mimi huona kofia tu, dirishani mwa chumba cha mizani,
nikiwa juu ya kreti la sabuni.
Ya njano, ya buluu, sambamba.
Ya njano ikapanda mapema. Ya buluu ikakawia,
ikakawia, nikauma taulo,
ikapanda.
Pale hewani, nawaapia, hapakuwa na mbele wala nyuma.
Kisha farasi wa Mulvihill akatua kwa pua, akalamba nyasi,
na yule mwendawazimu akabaki juu
kwa kitu ambacho si nguvu wala si tandiko.
Akashinda kwa urefu wa sikio.

Ninyi wa majukwaani hamkuyaona haya:
alipokuja kupimwa, mkono haukuinuka,
na Sorcha, aliyeshindwa,
ndiye aliyemfungulia kishikizo cha kidevuni.
Mulvihill akauliza, "Ulijuaje kungoja?"
"Sikungoja," akasema. "Niliogopa.
Mikono yangu ndiyo haijui kuogopa kwa haraka."
Akaitazama mikono ile
mpaka karani wa mizani akakohoa.

Usiku nikazitia suruali zote mbili beseni moja.
Matope ya Kilbrack hayataki maji moto;
yataka baridi, na vidole vyako mwenyewe.
Asubuhi sikujua ipi ya nani.
Nilipima viuno kwa uzi.