Kipya Kinyemi

Miaka mitatu tulipita kando ya mbao
zilizopakwa rangi ya maziwa,
zenye picha za wanawake wa shingo ndefu
na maandishi: Vumilieni. Uzuri unakuja.

Tukavumilia.
Theluji ikaanguka mara tatu, ikayeyuka mara tatu,
mama akazeeka goti la kushoto kabla ya la kulia,
na jana Beaurivage ikafunguliwa.

Alivaa koti lake la sufu, rangi ya divai,
lile la misiba na la daktari wa moyo.
Akatia marashi nyuma ya masikio.
"Usinicheke," akasema. "Siendi dukani. Naenda kazini."
Maana miaka thelathini na mmoja,
ghorofa ya kwanza, kaunta ya glavu,
Huguette Lachapelle aliishika mikono ya Montreal:
alijua nani ana vidole vya mpiga piano,
nani huvua pete kabla ya kupimwa.

Mlango ukajifungua wenyewe.
Nyeupe.
Nyeupe juu, nyeupe chini,
na kijivu pale nyeupe ilipochoka.

Mama akaitafuta chemchemi kwa masikio kwanza,
jinsi unavyomtafuta mtu gizani.
Hapakuwa na maji. Palikuwa na skrini
ndefu kama ghorofa mbili, yenye picha ya maji
yakianguka bila sauti,
na kila nusu dakika yakakatizwa
na tangazo la saa ya mkononi.

Reli za shaba, ambazo Réal alizisugua kila alfajiri
hadi zikawa na joto la shingo ya farasi,
sasa ni vioo vilivyojaa alama za vidole.
Sakafu ya terazo, yenye nyota ya kijani
niliyoiruka utotoni nisikanyage ncha zake,
imefunikwa vigae vinavyojifanya mbao.
Lifti ya Bi Odile, aliyetangaza kofia na viatu
kwa sauti ya padri anayetoa ubani,
haipo; iliyopo haisemi na mtu.

Dola milioni tisini, gazeti liliandika.

Kipya kinyemi, husema watu, ingawa kidonda.
Nilikitafuta hicho kinyemi, naapa.
Nilizunguka ghorofa tatu nikikitafuta
kama aliyeangusha hereni.
Nikakutana na kidonda kilichopakwa chokaa,
na harufu ya kahawa ile ile
inayonuka katika kila uwanja wa ndege.

Nikamuuliza kijana mwenye kifaa sikioni:
benchi ziko wapi?
"Tumeboresha mtiririko wa wateja," akajibu.
Mama, ambaye goti lake halitiririki,
akamshukuru.

Pale kwenye kaunta yake wanauza mavazi ya simu.
Ya mpira, ya ngozi bandia, yenye masikio ya sungura.
Msichana mmoja alikuwa anayapanga kwa rangi,
hana mteja, mkono wake umelala juu ya kioo.
Mama akauchukua.
Hivyo tu, akauchukua, akaugeuza,
akapitisha dole gumba juu ya vifundo.

"Saba na nusu," akasema.
"Samahani, bibi?"
"Glavu zako. Saba na nusu. Kidole cha mwisho kimepinda kidogo,
kwa hiyo tuchukue ngozi ya mwanambuzi. Inasamehe."

Msichana akautazama mkono ule
kama kitu alichorudishiwa na polisi.
Hakuuondoa.
Nyuma yake maji yasiyo na sauti
yalianguka, yakaanguka, yakauza saa.

Kwenye metro mama hakusema neno vituo vinne.
Nilidhani analia. Nikamtazama kwenye dirisha:
alikuwa anahesabu kitu kwa midomo.
Kituo cha tano akavaa glavu zake,
kidole baada ya kidole,
kama mtu anayefunga duka.

"Vyoo lakini," akasema, "ni vizuri sana.
Lazima tuseme haki."