Mawe Kwenye Tonge

Kila sekunde natuma pakiti moja toka Lamu kwenda Faza.
Haina barua ndani, haina picha, haina salamu.
Ina namba tu mgongoni, kama jezi.
Elfu nne mia saba na kumi: imefika, imerudi.
Kumi na moja.
Kumi na mbili.
Kumi na tatu.
Halafu hamsini na nne.

Ripoti ya mwezi ilisema: upotevu, asilimia mbili.
Bosi alipiga simu toka Mombasa, akacheka,
"Swabra, mbili kwa mia! Unalilia nini?"
Nikamwambia, tawanya mawe kumi kwenye sinia ya watu kumi,
kila mtu atatema lake, ataendelea kula.
Sasa yakusanye yote kwenye tonge moja,
umlishe mtu mmoja.
Huyo ndiye wa kumuuliza asilimia ni nini.

Huyo ni Tima, mkunga wa zahanati ya Faza,
anayemrushia daktari picha za mimba,
na picha huganda kwenye paji la mtoto
sekunde arobaini,
bila moyo.

Basi niliacha kuuliza ngapi. Nikauliza lini,
na zikipotea, hufuatana ngapi.
Daftari la miraba: nukta kwa iliyorudi,
mraba mtupu kwa isiyorudi,
kama tulivyohesabu mizani shuleni,
kidole kwa silabi,
na pale mshororo ulipopwaya mwalimu aligonga meza.

Lali Kupi, fundi wetu, aliulaumu waya.
Akapanda mnara, akaubadilisha, akashuka na viganja vyeusi,
na kwa siku nne haikupotea hata moja.
Tulimnunulia juisi ya ukwaju.
Siku ya sita miraba mitupu ikarudi.
Akalaumu jenereta. Akalaumu kunguru.
Akamlaumu kijana wa hoteli ya Shela anayepakua sinema.

Lakini jenereta hufuata saa ya ukutani.
Mapengo haya, leo saa tisa na robo,
kesho saa kumi na dakika tano,
keshokutwa saa kumi na moja kasoro dakika tano,
na kila moja lina ndugu yake, saa mbili na nusu nyuma,
kama mtu apitaye mlangoni akiingia,
apitaye tena akitoka.

Saa hiyo niliijua kabla sijajua kusoma saa.
Ndiyo ilituambia, watoto wa Matondoni,
kama tutakatiza mikokoni kwa miguu
au tutachelewa shule.

Bamvua.
Maji yakifika kimo fulani, si juu kabisa, si chini,
mawimbi ya redio yanayodunda usoni mwake
hufika Faza pamoja na yale yaliyonyooka,
haya yakisema ndiyo, haya yakisema siyo,
na antena, katikati yao, haisikii kitu.
Maji mafu hayafiki kimo hicho.
Juisi ya ukwaju ilikuwa haki ya mwezi.

Lali alicheka mpaka akakaa chini.
Kisha akafunga antena ya pili, mita nne chini ya mwenzake.
Moja ikizibwa, nyingine husikia.
Tima amepiga simu:
"Yeo moyo nimeuona, mwanzo hata mwisho."
Bosi anataka ripoti, ukurasa mmoja, bila hadithi za maji.

Jana nilituma elfu themanini na sita na mia nne.
Zilizopotea, tano.
Hazikufuatana. Hazikufuata mwezi,
wala jenereta, wala mtu yeyote nimjuaye.
Nimeandika namba zake pembeni mwa daftari, kwa penseli,
na bado sijafunga ukurasa.