Upepo wa Pauni Ishirini

Kichwa cha treni kimekaa juu ya kabati tangu Ramadhani,
plastiki na mabati ya makopo, hakijaonja rangi.
Ni ile treni ya Mtwara kwenda Nachingwea
ambayo sikuiona; reli waliing'oa kabla sijazaliwa.
Nimeipima kwa picha moja iliyofifia
na kwa mabishano ya wajomba wawili:
mmoja anaapa ilikuwa kijani,
mwingine, nyeusi tii.

Brashi ya mkono nimeijaribu. Inaacha michirizi,
rangi inajaa kwenye ribiti, ribiti zinazama,
kazi ya miezi minne
inageuka kipande cha sabuni kilichokwisha kuogewa.
Hapo ndipo nilipoanza kuota bunduki ya rangi,
ile ndogo, ya kushikwa kama kalamu.

Nachundu wa dukani, pale Chikongola, alinitolea mbili.
Ya kwanza, ukibonyeza tu,
upepo na rangi vinatoka pamoja
kama mashabiki mpira ukiisha.
Ya pili ina adabu:
bonyeza, upate upepo;
vuta taratibu, upate rangi.
Kikombe chake kiko juu, matone kumi yanatosha,
na sindano ni pointi tatu ya milimita, nikaogopa hata kuikoholea.
"Hiyo ghali, dada."
Nikamwambia najua. Dagaa nimewala mwezi mzima kwa ajili yake.

Kompresa ndiyo iliyonishinda.
Ile ndogo haina tangi, inapumua kwa kwikwi,
na rangi nayo ingetoka kwa kwikwi.
Yenye tangi, bei yake mshahara na nusu
wa karani wa ghala la korosho,
na karani mwenyewe ndiye mimi.
Mfaume, fundi pancha, akasema lete hapa nikupulizie bure.
Mashine yake inajaza matairi ya fuso.
Ingeipeperusha treni yangu hadi Msimbati.

Kaka yangu Chande, fundi majokofu, alinyamaza siku mbili.
Ya tatu alikuja na bisibisi,
akaenda moja kwa moja uani,
kwenye friji ya mama, chini ya turubai,
ilipokaa tangu tulipomaliza arobaini.
"Gesi ilishavuja," alisema bila kunitazama. "Moyo mzima."
Sikusema ndiyo.
Sikusema hapana.
Nilimshikia tochi.

Mtungi mtupu wa kuzimia moto ukawa tangi.
Saa ya kupimia tulinunua, na chujio la maji,
maana hewa ya Mtwara haiaminiki:
unavuta upepo, unapata nusu bahari.

Jaribio la kwanza lilitema.
Buibui wa rangi wakatambaa juu ya gazeti,
miguu huku, miguu kule. Nzito mno.
Nikaizimua mpaka ikawa kama maziwa,
nikashusha upepo: thelathini,
ishirini na tano,
ishirini.

Ukungu.
Ukungu wa kijani ukazitua ribiti mojamoja bila kuzifunika
(mjomba wa nyeusi tii atanisamehe),
nami ndani ya barakoa nikasahau kupumua.

Nyuma yangu moyo wa friji ulinguruma,
mngurumo uleule uliotulaza utotoni
mama akihesabu vifuko vya barafu ya ukwaju,
akifoka kutoka chumbani:
nani tena kafungua mlango?

Hodi.
Bi Salvina wa nyumba ya pili,
mia mbili kiganjani.
Akaitazama treni, akakitazama kidole changu cha kijani,
akaikunja ile sarafu ndani ya upindo wa kitenge.
"Nimesikia mashine," alisema.
"Nikadhani barafu ipo."

Nikazima. Nikamvutia kigoda.